Ufunguo wa Pili

Kufuli lilikuja na funguo mbili
kwenye pete moja ya waya.
Mmoja nikampa Shekue,
mmoja nikaufunga kwenye pindo la kanga.
Sikumwuliza.
Mwenye nyumba alishanena: "Mdhamini ni wewe,
akitoroka nakujua wewe."
Nikachovya kidole gumba kwenye wino,
ingawa kuandika najua.

Chumba chenyewe kiko Makorora, nyuma ya mashine ya kusaga,
hatua nne kwa tatu,
dirisha linatazama choo cha jirani.
Elfu ishirini na tano kwa mwezi, umeme mbali.
Kabla ya hapo miaka mitatu alilala
chini ya meza za nazi, soko la Mgandini,
akiamshwa na mvua au na rungu.

Usiku wa kwanza hakulala ndani.
Majirani walimkuta alfajiri kizingitini,
mgongo mlangoni, viatu kavifunga mkononi kwa kamba,
mlinzi wa chumba kitupu.
Nilimcheka. Mungu anisamehe.
Hata kuku aliyefunguliwa kamba ya mguu
hushinda akizunguka kigingi.

Mimi nashona makava ya viti vya baiskeli,
Ngamiani, barabara ya kumi na nne:
turubai, sponji, uzi wa nailoni.
Alianza kwa kuniokotea vipande,
kisha fundi Mgaza akamfundisha kunyoosha ringi:
kaza spoku hii nusu, legeza ile robo,
zungusha, sikiliza.
Wiki ya kwanza alivunja spoku kumi na moja.
Mgaza akazikata zote kwenye ujira wake.
Nilitaka kuingilia.
Sikuingilia.

Watu walileta vitu. Godoro, ndoo,
shati la marehemu fulani lenye harufu ya kabati.
Walileta na maneno, mengi kuliko ndoo:
usinywe, swali, oa, usioe, shukuru.
Hakuna aliyemwambia
kwamba ujira ukiingia Jumamosi
Jumatatu nayo inakuja na njaa yake.

Mwezi wa nne kodi haikuonekana.
Nikaenda na ufunguo wangu. Nikafungua bila hodi.
Alikuwa godoroni, kopo la maziwa kalimwaga,
anapanga sarafu mafungu mafungu,
midomo inataja namba.
Akanitazama nilivyosimama ndani ya mlango wake.
Hakusema kitu.
Hesabu ikampotea, akaanza upya.
Nikarudi nyumbani na uso
nisiojua pa kuuweka.
Kodi aliilipa tarehe tisa.
Nilisikia kwa mwenye nyumba, si kwake.

Masika yalipokatika, Jumapili moja,
alikuja na baiskeli aliyoiunda mwenyewe,
fremu kuukuu, magurudumu ya baba mbalimbali.
Akataka kiti chekundu.
Akalipa taslimu, punguzo akalikataa.
Nilipomaliza hakuondoka,
akawa anaisugua kengele kwa shati.
"Bi Mwanakombo," akasema,
"naomba ule ufunguo wa pili."

Jamani. Binti yangu wa kumzaa hakuniuma hivi
siku alipohamia Muheza na mumewe.
Nilikwisha uzoea uzito wake pindoni,
nikiufua pamoja na kanga,
nikiuanika pamoja na kanga.
Fundo lilikuwa limekaza, nikatumia meno.
Akaupokea kwa mikono miwili,
akaufumbia jicho moja, kama anavyokagua ringi,
akauvisha kwenye kamba ya shingoni,
ukagongana na mwenzake.

"Alhamisi njoo ule," akasema. "Nitapika kisamvu."
Akapanda, akasukuma pedali mara mbili, akageuza kichwa.
"Ila upige hodi."

Alhamisi nikaenda, pindo jepesi
hata nikawa nalishikashika njiani.
Nikasimama nje ya mlango.
Nikapiga hodi.
Akakawia.
Ndani nikasikia ufagio.